Istilahi bila Daftari Hupotea bila Habari

Wahenga walitufunza kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Istilahi nazo ni mali. Hata hivyo, tunapotafsiri tovuti, orodha ya istilahi aghalabu huhifadhiwa katika mafaili yaitwayo "mwisho", "mwisho2" na "mwisho kabisa". Leo mmoja ameandika "kompyuta". Kesho mwenzake ameiondoa na kuweka "tarakilishi". Ni nani aliyebadilisha, na kwa hoja gani? Faili halisemi. Hivyo, mjadala uliokwisha kuamuliwa huanzishwa upya.

Watengenezaji wa tovuti wanayo dawa ya tatizo hili. Mwaka 2005 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alibuni Git, mfumo wa kudhibiti matoleo ya mafaili. Mtumiaji akiandika "git init" ndani ya folda, daftari hufunguliwa. Akishahariri, huandika "git add istilahi.txt", kisha "git commit -m" pamoja na maelezo yake ndani ya alama za kunukuu. Amri "git log" huorodhesha nani alibadilisha, lini na kwa nini. "Git diff" huonyesha mistari iliyobadilika.

Masharti ni mawili. Mosi, orodha iwe matini sahili, istilahi moja kwa kila mstari, maadamu Git hulinganisha mstari kwa mstari. Pili, maelezo yataje sababu. "Marekebisho" hayamfaidi mtu. "Tumerejesha kompyuta kwa kuwa wasomaji wa Tanzania wameizoea" yatamfaidi hata atakayekuja miaka kumi baadaye.

Wapo watakaodai kwamba huu ni utaalamu wa wahandisi. Sikubaliani nao. Mhakiki anayelinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja, akibainisha neno lililoongezwa na ubeti uliodondoshwa, anafanya kazi iyo hiyo, ila kwa jasho zaidi, kwani wanakili hawakumwachia maelezo.

Ni kweli kwamba Git haiamui istilahi ipi ni bora. Hiyo ni kazi yetu. Wala daftari lililo katika tarakilishi moja haliko salama. Nakala yake ipelekwe kwenye seva nyingine kwa "git push".

Kila kikundi cha tafsiri katika vyama vyetu na kianze na orodha moja. Tusiwarithishe watakaotufuata maneno matupu. Tuwarithishe pia hoja zilizoyazaa.