Harusi ya Julai: maua yasimezwe na marinda

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Agosti, kadi za mialiko ya harusi huanza kumiminika. Watoto watakuwa nyumbani, walimu watakuwa na nafasi, na jamaa wa mashambani wataweza kusafiri. Lakini mpenzi msomaji, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi katika Nairobi, Limuru, Nyahururu na kwingineko nyanda za juu. Jijini, asubuhi huwa na nyuzi kama 12 hivi, na jua laweza kujificha kutwa nzima. Kamati ya harusi hukumbuka kukodi hema na kuagiza chai ya tangawizi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mawingu hubadilisha hata rangi ya maua.

Chukua mfano wa familia inayowashonea wapambe wanne marinda ya mahameli ya rangi ya maruni kwa kuwa kitambaa hicho kina joto. Mama wa bibi harusi anaagiza mawaridi mekundu, ati ili yafanane na marinda. Dukani, chini ya taa, yanapendeza ajabu. Siku yenyewe wingu linatanda, wekundu unazama ndani ya maruni, na picha zinatoka zikionyesha wasichana wanne walioshikilia majani. Pesa zimekwisha kutumika, na ni pesa za mchango wa wajomba, mashangazi na wafanyakazi wenza. Picha hizo nazo zitakaa ukutani miaka 30.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi: shada lipatane na rinda bila kufanana nalo. Rinda likiwa la rangi iliyokoza, maua yawe hafifu. Rinda likiwa hafifu, maua yaweza kukoza.

Jambo hili lina sababu yake. Mwanga unapopungua, jicho la binadamu huanza kuiona rangi nyekundu kama nyeusi kabla ya rangi nyingine. Mwanasayansi wa Bohemia aliyeitwa Purkyně alilieleza jambo hilo katika karne ya 19. Kwa hivyo, waridi jekundu linalong'aa saa sita mchana laweza kuonekana jeusi saa kumi na mbili na nusu jioni, keki inapokatwa ndani ya hema. Rangi za krimu, pichi na manjano hafifu huendelea kuonekana hata kiza kikianza kuingia.

Sasa tutazame rangi zinazopendwa msimu wa baridi. Marinda ya maruni hupendeza yakishikiwa mawaridi ya krimu na pichi, na mawili matatu ya maruni katikati ili kuunganisha. Kijani kilichokoza huchukuana vyema na maua meupe na ya rangi ya chungwa hafifu. Bluu iliyokoza, ile ya sare za wanamaji, hutaka manjano au pichi. Zambarau huhitaji krimu na zambarau hafifu. Kama marinda ni ya kijivu, tafuta arabikamu, ua jeupe lenye kitovu cheusi ambalo wakulima wadogo wa Kinangop hulikuza. Na ikiwa moyo wako uko kwa mawaridi mekundu tu, wavishe wapambe krimu au rangi ya dhahabu, nayo yatatokeza.

Jihadhari na maua ya samawati. Waridi la samawati halioti shambani kwa sababu mmea huo hauna rangi hiyo katika asili yake. Unayoyaona sokoni ni meupe yaliyotiwa rangi, na manyunyu ya Julai yakiyalowesha, rangi yaweza kuchuruzika kwenye rinda. Afadhali uombe eringiamu, ua lenye miiba miiba ambalo usamawati wake ni wa kuzaliwa nao.

Majarida ya ng'ambo nayo yaweza kukupoteza. Harusi zake za baridi ni za theluji, na rangi zake za fedha na barafu zimechaguliwa kulingana na ngozi nyeupe. Ngozi yetu hung'aa karibu na krimu, pichi, chungwa na manjano ya haradali. Mpambe ndiye atakayelishika shada, basi ngozi yake ihesabiwe pamoja na rinda lake.

Je, utajuaje kabla ya kulipa? Mwombe fundi wa kushona akukatie kipande cha kitambaa chenye ukubwa wa kiganja. Kipeleke kwa wauza maua, iwe ni Soko la City kwenye barabara ya Muindi Mbingu au kibanda cha mtaani kwenu, siku yenye mawingu. Ondoka na ua na kitambaa hadi nje, mbali na taa. Mpe mwenzako avishike, urudi nyuma hatua kumi. Ukiliona ua waziwazi, umepata. Likipotea ndani ya kitambaa, badilisha rangi hapo hapo. Piga picha kwa simu pia, maana kamera ndiyo itakayoweka kumbukumbu. Isitoshe, nenda na mpambe mmoja. Msichana aliyelipia rinda lake kwa pesa zake mwenyewe anastahili kuulizwa, na fitina nyingi za harusi huanzia kwa watu wasioulizwa.

Kuhusu gharama, shada la mpambe hutosheka na mashina 9 na la bibi harusi mashina 24. Wapambe wanne na bibi harusi watahitaji mashina 60 kwa jumla. Mawaridi ya nyanda za juu huwa na vichwa vikubwa kuliko ya sehemu zenye joto, hivyo machache hujaza mkono. Kumbuka pia kwamba baridi huchelewesha mawaridi kuchanua, na rangi uliyoiagiza yaweza kukosekana wiki hiyo. Agiza wiki tatu mapema na umtajie muuzaji rangi ya pili utakayoikubali.

Maua yakifika nyumbani usiku wa kuamkia harusi, kata ncha za mashina kwa mshazari, kiasi cha sentimita 2, uondoe majani yatakayozama, kisha uyatie kwenye ndoo safi yenye maji. Usiyafunike kwa karatasi ya plastiki, kwa kuwa unyevu na baridi huleta ukungu wa kijivu unaoozesha mawaridi. Na tafadhali, yasilale chumba kimoja na mikungu ya ndizi za karamu! Ndizi zinazoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo hunyausha maua, hasa ya karnesheni. Nyumba ya harusi hujaa ndizi, na ghala la chakula ndiko maua hufichwa ili watoto wasiyachezee.

Mama wa bibi harusi, najua ulikuwa na mawaridi mekundu siku yako na ungependa binti yako naye ayashike. Basi ayashike yeye, kwa kuwa gauni lake ni jeupe na mekundu yataonekana hata mvua ikinyesha. Wapambe wamwachie rangi hiyo, nao wabebe krimu. Kila mtu atakuwa amepata haki yake, na mchango wa jamaa utaonekana kwenye picha.

Juma lijalo tutazungumzia viatu vya harusi na matope ya viwanja vya kanisa. Hadi hapo, kwaherini.