Kutu Chini ya Rangi: Vijana Wetu na Magari ya Kale



Ndugu wasomaji, leo tuzungumzie jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kuliona katika ukurasa wa familia. Kijana ananunua gari kuukuu la spoti, analiegesha uani, anaanza kulifufua mwenyewe. Mama analalamikia uchafu, baba anasema ni israfu, na jirani anauliza lini kelele zitakwisha.

Rai yangu ni kwamba kazi hii inaweza kumlea kijana kuliko tunavyodhani, lakini kwa sharti moja: aanze na yale yasiyoonekana, rangi iwe ya mwisho. Akigeuza mpangilio huo, atakuwa anajifunza ughushi nyumbani kwa wazazi wake, nao wanamtazama.

Tuchukue mfano wa gari ambalo wazee wetu wa Afrika Mashariki wanalikumbuka, Datsun 240Z ya Japani. Lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1969, likiwa na injini ya lita 2.4, silinda sita katika mstari mmoja na kabureta mbili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za Safari, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena na gari la aina hiyo hiyo. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, na familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972.

Gari jipya la aina hiyo lilipatikana Marekani mwaka 1970 kwa chini ya dola 4,000. Januari 2020, moja la modeli ya 1971 liliuzwa mnadani huko huko kwa dola 310,000. Hiyo ni bei ya gari adimu, si ya kila gari, lakini inatosha kuonyesha kishawishi kilivyo kikubwa.

Sasa tuseme gari liko uani na injini haiwaki. Kijana mwenye pupa hukimbilia duka la spea. Leo ananunua koili, kesho pampu ya mafuta, keshokutwa betri, na gari bado halijawaka. Watoto wetu madrasa wanajifunza kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mwenye yakini ya udhu wake, akiingiwa na shaka kama umetenguka, hubaki na yakini yake. Fundi naye asitupe kifaa ambacho kipimo kimeonyesha ni kizima, eti kwa sababu ya kudhani tu.

Injini ya petroli inataka mambo matatu: cheche kwa wakati wake, mafuta na hewa kwa kiasi chake, na kompresheni ndani ya silinda. Basi apime moja baada ya jingine. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Kama cheche ni dhaifu, atazame plagi, nyaya na pointi za distributa, maana pointi zikiungua au zikichafuka cheche hupotea. Kama cheche ni nzuri, ahamie kwenye mafuta. Petroli iliyokaa miaka ndani ya tenki huharibika na kuacha utando kama gundi, na utando huo huziba vitundu vya kabureta. Kila anachopima akiandike daftarini. Kijana aliyezoea kutosema neno kabla ya kuthibitisha, hata habari za mitaani hatazibeba ovyo.

Jambo la pili ni kutu, na hapa ndipo penye mtihani. Gari hili halina chesisi ya pembeni. Bodi lenyewe ndilo linalobeba injini na abiria. Kutu hupenda kukaa chini ya betri, kwenye sakafu na katika mihimili iliyo chini ya sakafu. Dawa yake ni kukata bati lililooza na kuchomelea jipya. Njia ya mkato ni kujaza puti, kupiga msasa, kupaka rangi, na gari likang'aa. Lakini puti haibebi uzito, na siku ya ajali sakafu hiyo haitamlinda mtu.

Mafundi wana kipimo rahisi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, ipitishe juu ya bodi la chuma. Palipo na puti nene sumaku haishiki. Nikiona kipimo hicho nakumbuka hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), jinsi Mtume (s.a.w.) alivyopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula na kukuta unyevu ndani. Mwenye mali akasema kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akaeleza kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Lile lundo lilikuwa na sehemu kavu juu. Gari nalo lina rangi.

Kwa hiyo kijana apige picha kila hatua, hasa sehemu zilizooza, na azihifadhi. Siku ya kuuza, picha hizo zitangulie mbele ya bei. Katika fiqhi mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa ana haki ya kuirudisha, na neno la "nauza kama lilivyo" halimwondolei muuzaji dhambi ya kuficha anachokijua.

La tatu ni breki, nazo ni amana ya roho za watu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakipata joto kali pedali huzama. Mabomba ya mpira hupasuka kwa uzee. Gari lisitoke getini kabla ya fundi mzoefu kukagua breki na usukani. Tena vumbi la breki za zamani lisipulizwe, kwani huenda lina asbesto. Lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Na wazazi, simamieni usalama wa uani. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Liwekwe juu ya stendi imara. Petroli isikaribie jiko la mkaa. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, maana gesi ya sumu iliyomo katika moshi wake inaua bila kutoa harufu ya kumwonya mtu.

Wapo watakaosema, pesa hizi si bora zilipe ada? Ni kweli, na ada itangulie, pamoja na haki za wazazi na za ndugu. Kukopa kwa riba ili kununua spea hakuna njia kabisa. Adhana ikilia, spana ziwekwe chini. Lakini kijana anayetumia akiba yake ya halali kidogo kidogo, akajifunza umeme, uchomeleaji na subira, huyo hajafuja. Mitaa kama Buyenzi, Bujumbura, na Katwe, Kampala, ina familia nyingi za Kiislamu zinazokula kwa kazi ya spana.

Basi ndugu mzazi, mwanao akikuita ulione gari lake, usiishie kusifu rangi. Mwambie, "Mwanangu, nionyeshe chini." Ukimzoesha swali hilo tangu leo, hatalikimbia atakapoulizwa na mnunuzi, wala atakapoulizwa na Mola wake.