Chapa Juu ya Zege la Tororo

Vilima vya Osukuru, pembeni mwa mji wa Tororo, vimejaa mawe ya chokaa, na viwanda vya Tororo vimekuwa vikitoa saruji tangu miaka ya 1950. Ni katika miaka hiyohiyo Mmarekani Brad Bowman alipoanza, kule California, kulipiga zege bichi chapa ili lifanane na mawe au matofali. Ufundi huo unazifaa sana hoteli na maduka ya njia ya Malaba na Busia, ila mwenye jengo asikimbilie rangi kabla ya kuuliza habari za msingi. Zege la unene wa sentimita 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri linatosha magari madogo. Palipo na malori linahitajika zege nene zaidi, lenye nondo. Kisha kuna suala la muda. Jua la hapa hukausha uso upesi, na chapa iliyochelewa huacha alama hafifu, hivyo heri kumwaga zege alfajiri, mafundi wa kutosha wakiwa tayari. Mikato ikatwe kila mita 3 hivi, la sivyo zege litajichagulia lenyewe mahali pa kupasuka. Dawa ya kung'arisha nayo ichanganywe na chembe za kuzuia utelezi, maana mvua za Machi hadi Mei zinaweza kumwangusha mteja mlangoni. Kabla ya kutia saini mkataba, mwenye jengo amtake fundi amwage kipande cha mita moja cha mfano, kikae wiki kadhaa juani na mvuani, kisha wakikague pamoja.