HOFU ISITUZIBE MACHO

Miongoni mwa wananchi wa Ufipa wamo waliopofuka kwa makovu ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Mkulima huchomwa na bua la mahindi, kidonda kikapuuzwa au kikatiwa maji ya majani, na mwishowe likabaki kovu jeupe. Baadhi yao wangeweza kuona tena kwa kupandikizwa konea ya marehemu; upandikizaji wa konea ya binadamu ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905 mikononi mwa daktari Eduard Zirm.

Lakini lipo swali, nalo ni la haki: je, jicho la aliyekufa kwa saratani haliwezi kumwambukiza anayelipokea?

Hatari hiyo ipo, ila ni ndogo mno. Konea haina mishipa ya damu, na chembe za saratani husambaa hasa kwa njia ya damu na mitoki. Kwa sababu hiyo benki nyingi za macho hupokea konea ya aliyefariki kwa saratani ya ini au ya titi, lakini huikataa ya aliyeugua saratani ya damu, ya mitoki, au ya jicho lenyewe.

Hata hivyo, udogo wa hatari si ruhusa ya uzembe. Mwaka 1978, nchini Marekani, mgonjwa alipandikizwa konea ya mtu ambaye maradhi yaliyomuua hayakutambuliwa. Mgonjwa huyo akafa kwa kichaa cha mbwa. Kosa halikuwa kutoa jicho. Kosa lilikuwa kutojua mtoaji amekufa kwa nini.

Kwa hiyo twasisitiza kwamba mgonjwa wa Sumbawanga anayo haki sawa na ya mgonjwa wa jiji lolote: historia ya mtoaji ijulikane, damu yake ipimwe, kumbukumbu zitunzwe, na mgonjwa aelezwe kinaganaga kabla ya kukubali.

Aidha, tusiihofu saratani ya jicho la marehemu tukaisahau ile ya jicho la mtoto aliye hai. Mzazi akiona mboni ya mwanawe inang'aa nyeupe, asingoje mavuno wala asitafute majani. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Saratani hiyo ikiwahiwa hutibika; ikicheleweshwa huchukua jicho, kisha uhai.

Hofu yenye maarifa ni kinga. Hofu isiyo na maarifa ni upofu wa pili.