Jina la faili nalo ni kumbukumbu ya shamba

Vijana wenzangu, wiki iliyopita mkulima mmoja wa nyanya alinijia amenywea kabisa. Laptop yake inatumia Ubuntu. Humo alikuwa na mafaili mawili: Mauzo.ods la msimu wa kiangazi na mauzo.ods la masika. Kwa Ubuntu hakuna shida, herufi kubwa na ndogo ni majina tofauti. Akayahamishia kwenye flashi ayapeleke kwa afisa mikopo. Sasa flashi zetu nyingi zina mfumo wa FAT32 au exFAT, na huko Mauzo na mauzo ni jina moja. Kompyuta ikamuuliza kama ifute lililopo iweke jipya, jamaa akabonyeza ndiyo. Msimu mzima ukaenda! Tena alihamisha, hakunakili, kwa hiyo hata kwenye laptop hamna kitu.

Sikubali alaumiwe peke yake. Sisi maafisa ugani kila mkutano tunahubiri "weka kumbukumbu", halafu hatusemi faili liitweje. (Mimi mwenyewe niliwahi kuliita moja "Dawa: nyanya". Windows ikagoma, haitaki nukta mbili kwenye jina, wala alama ya kuuliza, wala mkwaju.)

Naona tuanze na zao, kisha tarehe kuanzia mwaka: nyanya_mauzo_2024-03-15.ods. Herufi ndogo tupu. Na nakili kwanza, fungua kwenye kompyuta nyingine uone, ndipo ufute.

Kijana na mimi sasa tunaokoteza risiti za sokoni moja moja, maana benki inataka misimu miwili.