Kanali Sanders Hajafika Katoro

Kwenye semina za lishe, kwenye mahubiri na kwenye vipindi vya redio, mshitakiwa ni yule yule: kampuni za Kimarekani za vyakula vya haraka. Tunaambiwa KFC, Pizza Hut na wenzao ndio wanaoua mapishi yetu, na kwamba kila kijana anayeacha ugali wa mtama akashika paja la kuku ni ushahidi kwamba Marekani imeshinda. Imani hii inapendwa kwa sababu haimgharimu mtu chochote. Adui yuko mbali, na hapigi kura.

Basi panda gari Shinyanga mjini, pita Tinde na Isaka, shika njia ya Kahama na Kakola mpaka Geita, kisha malizia Katoro. Nionyeshe bango moja la Kanali Sanders, yule mzee wa nembo ya KFC. McDonald's haijawahi kufungua mgahawa hata mmoja Tanzania. Na bado, katika njia hiyo nzima, chakula kimebadilika kuliko wazee wetu walivyodhani kingeweza kubadilika.

Mtama uliondoka huku zamani, wala haukufukuzwa na mkate wenye nyama katikati. Uliondolewa kwanza na kwelea kwelea. Shamba la mtama linahitaji mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri, na kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Watoto wakaenda shule, kama ilivyopasa, na mahindi yana maganda yanayojilinda yenyewe. Mzazi yeyote mwenye akili angechagua mahindi. Leo tunayatetea mahindi hayo hayo kama chakula cha mababu, wakati nayo yalivuka bahari kutoka Amerika.

Kisha ikaja dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, lakini ukitaka kujua dhahabu inavyolisha watu usiende kwenye kantini zao. Nenda kwa wachimbaji wadogo, Rwamgasa au Nyarugusu. Pale wengi hawalipwi mshahara. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anawalisha vijana wake miezi kadhaa wakichimba bila kuona kitu, na mali ikitoka anakata gharama zake kwanza. Mtu anayelisha kwa mtaji wa kubahatisha hanunui samaki. Ananunua sembe na maharage. Asipoleta hata hivyo viwili, kijana anakwenda kwa mama lishe na kula kwa mkopo. Duara likifa, deni linakufa nalo, na mama lishe ndiye benki iliyofilisika bila mtu kuitangaza. Hapo ndipo mlo wa mchimbaji unapoamuliwa. Sijaona semina hata moja inayomzungumzia mwenye duara.

Na chipsi? Ndiyo, zimejaa. Kijana anatoka usiku kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, vumbi mpaka kwenye kope, anataka kitu cha moto sasa hivi. Chipsi mayai ni ubunifu wetu wenyewe. Hakuna mzungu aliyemfundisha muuza chipsi kumwaga mayai juu ya viazi. Viazi vinatoka Njombe na Mbeya. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa pembeni, Azam Energy na Mo Xtra, ni vya matajiri wa Dar es Salaam. Kampuni ya Kimarekani iliyofika kweli kwenye machimbo ni ya soda, na soda yake inajazwa Mwanza, lakini sijasikia mhubiri akiilaani. Huenda ni kwa sababu naye anapewa chupa moja akimaliza ibada.

Kinachonikera zaidi ni mafuta yaliyomo kwenye karai. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula nchini hutokana na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Hii ni Shinyanga, nchi ya pamba! Mbegu ya pamba inakamuliwa mafuta, na mashudu yake yanalisha ng'ombe. Tumelima pamba tangu enzi za mkoloni, tukajenga vyama vya ushirika na vinu vya kuchambua, halafu tunakaangia mawese yaliyovuka Bahari ya Hindi, yanayochemshwa tena na tena mpaka yanakuwa meusi kwa sababu ni ghali kumwaga. Hasara hiyo ni ya kiutamaduni na ya mfukoni kwa pamoja, na hakuna mgahawa wa kigeni ulioileta.

Sikatai kwamba dunia imetia mkono kwenye sahani zetu. Muulize mtu wa ziwani. Viwanda vya samaki vya Mwanza vilipeleka minofu ya sangara Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki kwa wenyeji. Hubert Sauper alipolionyesha hilo mwaka 2004 katika filamu ya Darwin's Nightmare, hasira ya wakubwa ilimwendea yeye. Lakini tazama: mzungu hakuja kutufundisha kula chakula chake. Alikuja kununua chetu.

Watasema KFC na wenzake bado wako njiani. Sawa. KFC waliofika Nairobi mwaka 2011 wametuachia funzo: Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi kwa kuwa viazi vyake vilitoka ng'ambo na meli zilichelewa, wakati wakulima wa Nyandarua wana viazi tele. Wakenya walikasirika, na hasira yao haikuwa juu ya utamaduni. Walitaka viazi vyao vinunuliwe. Hilo ndilo swali la watu wazima.

Nasi tuna pesa ya kulijibu. Migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mapato yake. Kiasi fulani cha ushuru huo kingetosha kumpa mama lishe wa machimbo maji safi, jiko lenye paa na mfuko wa mkopo usiotegemea bahati ya duara, na kumpa mkamuaji mdogo wa mbegu za pamba mashine ya kusafishia mafuta. Diwani anayejinadi kutetea chakula cha Wasukuma alete hayo mezani kwenye kikao cha bajeti, na wananchi tumuulize amepigania shilingi ngapi.