Daftari la Mgonjwa na Ugonjwa Unaorudi



Juma hili tulikuwa katika ziara ya kuwatembelea wagonjwa wa jumuiya zetu ndogondogo. Mama mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi, alitufunulia daftari lake la matibabu. Katika muda wa miezi kumi amekwenda hospitalini mara sita kwa taabu ileile: mkojo unaochoma, maumivu chini ya kitovu, homa za usiku. Mara sita yameandikwa maneno yaleyale, maambukizi ya njia ya mkojo, na mara sita amerudi nyumbani na vidonge. Kila mara mkojo wake umetazamwa kwa darubini. Haujaoteshwa hata mara moja. Alipothubutu kuuliza kwa nini ugonjwa unarudi, aliambiwa anywe maji na azingatie usafi. "Padre," alituambia, "nimeuza mbuzi wawili ili nikaambiwe nioge."

Mwinjili Marko, katika sura ya tano, anatusimulia habari za mwanamke aliyeteseka miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Waganga wale tunaweza kuwasamehe, kwani hawakuwa na maabara. Sisi wa leo tutajitetea kwa lipi?

Tunasema wazi: kumpa mgonjwa vidonge kwa mara ya tatu, ya nne na ya sita, bila kujua vinapigana na kijidudu gani, si tiba. Ni bahati nasibu, na anayenunua tiketi ni maskini.

Darubini huonesha seli za usaha na pengine vijidudu vyenyewe, lakini haisemi ni dawa ipi itakayoviua. Jibu hilo hutolewa na kipimo cha kuotesha. Mkojo safi wa katikati hupandwa katika sahani yenye chakula cha bakteria na kuwekwa katika joto la mwili. Bakteria wakiota hutambuliwa, kisha hujaribiwa kwa dawa mbalimbali ili ijulikane ipi inawashinda na ipi wameizoea. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu. Je, siku tatu ni nyingi kuliko miezi kumi?

Tutajibiwa kwamba kipimo ni ghali, na kwamba si kila zahanati ina maabara ya kukifanya. Ni kweli. Tena ni kweli kwamba mwanamke asiye mjamzito, aliyeugua mara ya kwanza na asiye na dalili za hatari, aweza kutibiwa vema bila kuoteshwa. Lakini maambukizi yakirudi mara mbili katika miezi sita, au mara tatu katika mwaka, utabibu wenyewe unayaita ya kujirudia, na unadai yachunguzwe. Huenda yupo mgonjwa mwenye mawe katika figo, au kisukari kisichojulikana, au mzee mwenye tezi dume iliyovimba. Huenda ni kichocho, ambacho minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu kukizunguka kibofu na kuleta damu katika mkojo. Dawa za bakteria haziidhuru hata kidogo. Huenda hata ni kifua kikuu cha njia ya mkojo. Zahanati isiyo na maabara inayo kalamu na karatasi: imwandikie mgonjwa rufaa.

Nasi tulio nje ya hospitali tusinawe mikono kama Pilato. Ni wangapi kati yetu hununua nusu dozi dukani, huacha vidonge mara nafuu inapoonekana, kisha humgawia jirani vilivyobaki? Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya juu ya dozi pungufu katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Hatukumsikiliza. Kwa makadirio ya wataalamu, mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kutokana na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Lakini lawama haigawanywi sawa kwa sawa. Mwenye fedha akiona dawa imeshindwa hupanda basi kwenda hospitali kubwa. Asiye nazo hurudi kwenye foleni ileile, dirisha lilelile, vidonge vilevile. Wala hospitali zilizojengwa kwa jina la Kanisa hazimo nje ya maneno haya. Msalaba juu ya lango hauponyi mtu ikiwa ndani hasikilizwi.

Basi, mpendwa unayeugua ugonjwa unaorudi, nenda na daftari lako na makasha ya dawa ulizokwisha kutumia. Uliza kwa heshima, lakini uliza: "Je, mkojo wangu utaoteshwa kabla sijameza dawa hizi?" Daktari aweza kukuanzishia dawa wakati majibu yakisubiriwa, mradi mkojo umechukuliwa kwanza. Kama haiwezekani hapo, omba rufaa. Ukiona homa yenye kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kutapika, au kama wewe ni mjamzito, usingoje hata kesho.

Nanyi matabibu, ambao tunajua mnahudumia wengi kwa vifaa vichache, tunawasihi jambo moja lisilogharimu shilingi: kabla ya kuandika ukurasa mpya, fungueni kurasa zilizotangulia. Mara sita za mama yule zilikuwa zimeandikwa mle mle. Hakuna aliyezisoma.

Mungu awabariki nyote, na awape wagonjwa wetu faraja na haki yao.

Paroko wenu